Majivuno si Wazimu

Umezuka mtindo wa kuwaita wenye majivuno wagonjwa wa akili. Mwanasiasa akijisifu jukwaani hadi mate yakamkauka, utasikia watu wakisema, "Huyo apelekwe Mathari." Usemi huu huchekesha, lakini una madhara.

Kiswahili kimeturithisha tofauti iliyo wazi. Kiburi, maringo na kujiona ni maneno ya tabia. Mwenye tabia hizo hulaumiwa. Wazimu na kichaa ni maneno ya maradhi. Mwenye maradhi hayo huuguzwa. Anayeyachanganya humwondolea lawama mwenye kiburi, na papo hapo humtukana mgonjwa asiye na hatia.

Sisemi kwamba kujiona hakuwezi kamwe kuwa maradhi. Tangu mwaka wa 1980, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani umeitambua kasoro ya hulka ya mtu kujiona kupita kiasi. Toleo la 2013 lilitaja dalili 9, zikiwemo kiu ya kusifiwa, kuwatumia wengine kwa manufaa yako na kukosa huruma. Daktari hutafuta angalau 5. Hata hivyo, sharti tabia hizo ziwe zimeota mizizi, na ziwe zinamtesa mwenyewe au kuvuruga maisha yake. Mgonjwa wa aina hii aghalabu humwendea daktari akilalamikia huzuni, wala si kiburi. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyani haoni kundule.

Mnamo 2017, baadhi ya wataalamu walipomtangaza Rais Donald Trump kuwa mgonjwa wa akili, Daktari Allen Frances, aliyesimamia utungaji wa toleo la 1994 la mwongozo huo, aliwapinga, ijapokuwa hakuwa mfuasi wa rais huyo. Alishikilia kwamba tabia mbaya si ugonjwa, na kwamba kulinganisha mambo hayo ni kuwatusi wagonjwa, ambao wengi wao ni watu wema.

Mathari, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, ni hospitali, si gereza la wenye dharau. Mgonjwa asikiapo jina la hospitali yake likigeuzwa tusi, huyaficha maradhi hadi yamzidi nguvu. Basi kiongozi mwenye kiburi na aitwe mwenye kiburi, atakiwe kujibu kwa matendo yake. Naye mgonjwa na apelekwe kutibiwa, bila ya kuchekwa.