Bumu la Siku Sitini

Siku bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa masomo, linapoingia, mwanafunzi wa chuo kikuu huwa na fedha nyingi kuliko alizowahi kushika maishani. Wiki ya sita huyohuyo anakunywa uji jioni na kulala mapema. Wazazi, na hata baadhi ya wahadhiri, wana jibu moja: vijana hawajui kutumia pesa. Sisi tunaofundisha mambo ya fedha tukikaa na hesabu zao, tunaona jibu hilo si la haki.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupeleka ada chuoni. Kinachopita mkononi mwa mwanafunzi ni hasa fedha za chakula na malazi, ambazo mwaka wa masomo 2022/23 zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hazitoki kila siku. Hutoka kwa mkupuo. Tuchukue mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 600,000.

Mabweni hayatoshi. Hata yale yaliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, hayakumaliza kubebana, wawili kitanda kimoja. Asiyepata wa kumbeba hupanga geto mtaani. Tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita: 360,000. Zinabaki 240,000, sawa na 4,000 kwa siku. Humo utoe wali maharage wa mama ntilie, nauli, bando, sabuni na pesa ya kutoa kopi. Godoro bado. Na kama mkopo wake haukufika ada yote, chuo nacho kinamdai salio kabla ya mtihani.

Sasa chukua kodi ileile uilipe mwezi kwa mwezi. Katika siku 60 zinatoka 120,000, zinabaki 480,000, sawa na 8,000 kwa siku. Chumba hakijabadilika na fedha hazijaongezeka. Kilichosogea ni tarehe ya kulipa tu. Mtu anaweza kuwa na kipato kinachotosha mwaka mzima na bado akakosa mlo wa Jumanne, na hayo ni matatizo mawili yanayohitaji dawa mbili.

Kisha simu inalia kutoka nyumbani. Mdogo wake amerudishwa shule, au mama anaumwa, na kwa familia nyingi hakuna mwingine mwenye fedha taslimu wiki hiyo isipokuwa mtoto aliye chuoni. Anatuma 50,000. Siwezi kumlaumu, wala simjui mzazi mwenye moyo wa kumlaumu.

Mikupuo inayofuata ingempa nafuu, kwa kuwa kodi imeshalipwa. Lakini aliyekopa ili avuke wa kwanza anaupokea wa pili ukiwa na mwenyewe. Hapo ndipo kausha damu, mikopo ya haraka yenye gharama kubwa, inapoingia, siku hizi kupitia simu. Tuseme programu inakupa mkopo wa 50,000, inakata 10,000 mwanzoni, na inataka 55,000 baada ya wiki mbili. Umeshika 40,000 na umelipia 15,000. Ukichelewa, ujumbe wa kukudhalilisha unatumwa kwa watu ambao namba zao ziko kwenye simu yako, mchungaji na mjomba wakiwemo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za aina hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Linaloniuma ni hili: mkopo wa Bodi ni miongoni mwa mikopo nafuu kabisa nchini. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tunamkopesha kijana kwa unafuu huo, halafu ratiba ya malipo inamsukuma kwa mkopeshaji ghali kuliko wote.

Wapo wanaotaka bumu zima litolewe kila mwezi. Bila kugusa kodi, hilo lingemwumiza zaidi aliyepanga mtaani, maana 300,000 za mwezi hazifiki hata 360,000 za mwenye nyumba. Naona afadhali fungu la malazi litoke lote mwanzoni mwa muhula na la chakula ligawanywe kwa mwezi. Vyuo navyo viingie mikataba na wenye nyumba walio jirani, kodi ipokelewe kidogo kidogo chuo kikiwa mdhamini.

Kwa aliyekwisha kunaswa: usikope programu ya pili kulipa ya kwanza. Hifadhi ujumbe wote wa vitisho, angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya Benki Kuu, kisha uupeleke kwa mshauri wa wanafunzi wiki hiihii, kabla mitihani haijaanza.