Kura tatu za mama wa Namanga

NAMANGA. Gari la mzigo likichelewa kutoka Nairobi, wanawake wanaouza mashuka na mablanketi upande wa Tanzania hukaa juu ya marobota wakapiga soga. Husemwa habari za bei ya shilingi ya Kenya, watoto wanaorudi shule, na nani kapandisha kodi ya kibanda. Tangu Januari 2025 imeongezeka mada ambayo hakuna aliyeitegemea: mashindano ya dansi ya televisheni ya Uingereza.

Aliyeileta ni mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa siku nyingi hapo mpakani. Mwenyewe anasema hakwenda Uingereza kutazama dansi. Alikwenda kulea. Binti yake, muuguzi katika mji wa Reading, alijifungua mwishoni mwa Agosti 2024, naye akafunga kibanda, akamkabidhi mdogo wake daftari la madeni, akapanda ndege. Alikaa mpaka baada ya Krismasi. Katika miezi hiyo kila Jumamosi jioni, mtoto akishalala, televisheni iliwashwa BBC na nyumba nzima ikaketi kutazama *Strictly Come Dancing*.

Kwa asiyeyafahamu, mashindano hayo yalianza Mei 2004. Watu mashuhuri wasiojua dansi, kama vile waigizaji, wanamichezo, watangazaji na wachekeshaji, hupewa kila mmoja mchezaji bingwa wa kumfundisha. Kila wiki jozi hucheza mbele ya majaji wanne, kila jaji akitoa alama hadi 10, kisha watazamaji hupiga kura nyumbani. Jozi moja huaga kila wiki mpaka fainali ya Desemba. Mshindi wa kwanza kabisa, mtangazaji wa habari Natasha Kaplinsky, aliishi Kenya utotoni, jambo ambalo mama wa Namanga hulisema kila anapopata nafasi, kana kwamba ushindi ule ulipitia forodhani mbele yake. Mtindo wa kipindi chenyewe umeuzwa nchi kwa nchi. Marekani waliuchukua mwaka 2005 kwa jina la *Dancing with the Stars*, Afrika Kusini wakafuata, na leo nchi zilizowahi kuwa na toleo lake ni makumi.

Jumamosi ya kwanza haikumfurahisha. Ilitangazwa rumba, akajiweka sawa kwenye kiti, maana rumba anaijua. Amekulia nyumba yenye santuri za Franco. Kilichochezwa hakikufanana nayo hata kidogo. Rumba ya Kinshasa na ile ya ukumbini zote asili yake ni Cuba, lakini ni kama ndugu waliotengana utotoni, hawafahamiani tena. Hii ya ukumbini ilikuwa ya polepole, ya kukumbatiana, na nguo zenyewe chache. Mkwe wake, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa sebule, akainuka ghafla.

"Mama, niwaletee chai?"

"Lete, baba."

Chai iliyokuwepo ilikuwa bado ya moto. Kuanzia siku hiyo ikawa kanuni isiyosemwa: ikitangazwa rumba, mkwe anakwenda jikoni. Ikiwa wolzi au tango, anabaki.

Wolzi ndiyo iliyomvuta. Mama yake mzazi aliwahi kumsimulia dansi za ukumbini za Tanga, wanaume kwa suti na wanawake kwa magauni marefu, na hilo si hadithi ya kubuni. Foksitroti na wolzi zilichezwa katika miji ya pwani yetu tangu miaka ya 1920 na 1930, vikundi vikishindana, na neno "dansi" lenyewe ndiko lilikotokea kabla halijawa jina la muziki wa bendi. Kwa hiyo aliposikia jaji Craig Revel Horwood akimnyima mtu alama kwa sababu ya bega lililopanda, hakushangaa. Alisema tu kwamba huyo bwana ni mgumu kama mkaguzi wa mizani aliyeamka vibaya, ila bega kweli lilikuwa limepanda. Motsi Mabuse, jaji mzaliwa wa Afrika Kusini, alimpenda zaidi, ingawa alimwona mwepesi wa kufurahi.

Ugomvi wake mkubwa haukuwa na majaji bali na hesabu. Mkwe alimweleza kwamba alama za majaji na kura za watu hazijumlishwi zilivyo. Zikibaki jozi 10, inayoongoza kwa majaji hupewa pointi 10, inayofuata 9, mpaka ya mwisho inayopewa 1. Kura za watazamaji nazo hupangwa vivyo hivyo, pointi mbili zinajumlishwa, na jozi mbili za chini hucheza tena ili majaji waamue ipi ibaki.

"Sasa aliyemzidi mwenzake kwa kura laki tano na aliyemzidi kwa kura moja, wote wanapata tofauti ya pointi moja?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi hiyo si mizani. Huko ni kupanga magunia kwa urefu halafu uyauze bila kuyapima."

Mkwe, kwa kuchokoza, akamsimulia kisa cha mwaka 2008. Nusu fainali zilibaki jozi tatu, na inayosalimika bila kurudia kucheza ni moja tu. Rachel Stevens na Lisa Snowdon walilingana kileleni kwa alama za majaji, wote wawili wakapewa pointi 3. Tom Chambers, wa mwisho, akapata 1. Mama akaomba kalamu, akageuza bahasha ya bili ya umeme, akaandika. Tom akiongoza kwa kura za watu, anaongezewa 3, jumla 4. Kati ya wale wawili, mmoja atakuwa wa pili kwa kura, anaongezewa 2, jumla 5. Wa tatu anaongezewa 1, jumla 4. Akageuza namba kila upande. Hata Uingereza nzima ingempigia Tom, lazima angeangukia kwenye wawili wa chini.

Na wakati huo watu walikuwa wakipiga simu za kulipia ili kumwokoa.

"Yaani unanichukulia nauli ya mzigo ambao unajua hauwezi kufika?" alisema, na anasema bado, kila anaporudia kisa hicho juu ya marobota. Wenzake hapo mpakani hawahitaji kuelezwa zaidi.

BBC, walipogundua, waliwapitisha wote watatu mpaka fainali na kura zilizokwishapigwa zikahamishiwa huko. Tom Chambers, yule ambaye hesabu ilikuwa imemfungia mlango, ndiye aliyetwaa ubingwa. Mwaka huohuo mwandishi wa habari za siasa John Sergeant, mwenye umri wa miaka 64, alikuwa amejitoa mwenyewe mwezi Novemba. Majaji walimweka chini mara nyingi, watu wakamrudisha kila wiki, mpaka akasema anaogopa asije akashinda. Kuhusu Sergeant mama wa Namanga ana maoni mafupi: mtu akikataa faida kwa sababu anajua bidhaa yake si nzuri, huyo ni wa kukopeshwa.

Lakini yote hayo yalikuwa ya kale. Mwaka 2024 nyumba ile ya Reading iligawanyika kwa sababu nyingine, na hapo ndipo soga za Namanga hupungua sauti.

Miongoni mwa washindani 15 wa mwaka huo alikuwepo Chris McCausland, mchekeshaji wa Liverpool, mshindani wa kwanza asiyeona katika historia ya kipindi hicho. Macho yake yalififia kidogo kidogo kwa ugonjwa wa kurithi. Hakuweza kuona hatua anayoonyeshwa. Mwalimu wake, Dianne Buswell wa Australia, alilazimika kumfundisha kwa maneno na kwa kumshika. Binti alimpenda tangu wiki ya kwanza. Kila akaunti ya mtandaoni ina kura tatu za bure, na kura zilipofunguliwa zote tatu zilikwenda kwa Chris kabla mama hajaulizwa.

Mama akakasirika, na binti hakuelewa kwa nini, mpaka alipokumbushwa habari za mjomba.

Kaka wa mama huyu, ambaye sasa ni marehemu, aliuza sufuria na karai sokoni Arusha. Naye macho yake yaliondoka polepole, kwa miaka, akabaki akizijua bidhaa zake kwa kugonga kwa kucha na kusikiliza mlio. Siku moja mteja aliuliza bei ya sufuria, akatajiwa bei ya kuanzia, akalipa papo hapo bila kupatana. Kaka akamwita arudi, akamrudishia fedha zote. Akamwambia apatane kama anavyopatana kwa wengine, au aende kwa wengine. Mteja alinuna akaondoka, na siku hiyo sufuria ile haikuuzika. Dada mtu alikuwepo, na anakiri kwamba wakati ule alimwona kaka yake mjinga.

"Kura ya huruma ni kulipa bila kupatana," alimwambia binti. "Sikukatazi kumpigia. Nakuuliza, umemtazama akicheza?"

Makubaliano yakawa haya: kila wiki watatazama wote mpaka mwisho, ndipo kura zigawanywe. Wiki kadhaa Chris hakupata hata moja kutoka kwa mama. Zilikwenda kwa Tasha Ghouri, msichana mwenye mistari safi ambaye majaji walimpa alama za juu mara kwa mara. Ni baadaye mama alipofahamishwa kwamba Tasha ni kiziwi tangu kuzaliwa na husikia kwa kifaa kilichopandikizwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema afadhali hakuambiwa mapema. Hiyo si ajabu tena kwenye mashindano hayo, kwani Rose Ayling-Ellis, kiziwi pia, aliyanyakua mwaka 2021. Mama alilotaka kujua ni kwa nini hakuna anayesema Tasha anapigiwa kura za huruma, wakati Chris husemwa hivyo kila siku. Jibu lake mwenyewe ni kwamba Tasha alianza akiwa hodari, na mtu anayeanza hodari haulizwi alipata wapi.

Novemba ndipo mambo yalipogeuka. Chris na Dianne walicheza dansi ambayo katikati yake taa zilizimwa na skrini ikawa giza kwa muda mfupi, ili watazamaji nao waonje. Sebule ya Reading ikawa kimya. Taa zilipowaka, wale wawili walikuwa bado wanacheza, hawajapoteza hatua. Binti alikuwa analia. Mama hakulia. Anasema alichokitazama ni mikono, kwamba kabla ya giza Dianne alikuwa anamwongoza Chris, na baada ya giza hakuweza kujua tena nani anamwongoza nani. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, alimpa Chris kura moja.

Fainali ilikuwa Desemba 14. Zilibaki jozi nne: Chris, Tasha, mwigizaji Sarah Hadland na mwimbaji JB Gill. Siku hiyo majaji hutoa alama lakini ni mwongozo tu. Mshindi huamuliwa na kura za watazamaji peke yake, jambo ambalo mama aliliona la haki kuliko ile hesabu ya wiki nyingine, maana sasa mizani ni moja na kila mtu anaiona. Kila jozi ilicheza mara tatu. Dansi ya kwanza aliitazama kama kila mtu. Zilipoanza nyingine, alikwenda chumbani akarudi na khanga, akaitandaza juu ya televisheni ikafunika nusu ya juu, ikabaki miguu tu.

"Mama, hatuoni!" binti alilalamika.

"Ndiyo maana yake."

Walipofika kwenye dansi za maonyesho, zenye kunyanyuana, mkwe akamwambia kwa adabu kwamba hapo miguu yenyewe iko hewani, na khanga ikaondolewa.

Uamuzi wake ulikuwa huu. Kwa miguu, Tasha alikuwa juu ya wote, na hapo hana ubishi na mtu. Miguu ya Chris ilikuwa na deni, hatua kadhaa zilichelewa, kisigino mara mbili kilitua pasipotakiwa. Lakini tangu Septemba alikuwa amelipa sehemu kubwa ya deni hilo, wiki kwa wiki. Akatoa mbili kwa Tasha na moja kwa Chris. Binti hakuzungumza naye mpaka matokeo.

Chris McCausland alishinda, wa kwanza asiyeona kutwaa ubingwa huo. Mama anasema alifurahi kuliko binti, jambo ambalo binti, kwa simu, amelikanusha.

Hapo Namanga mashabiki wa kisa hiki wamegawanyika vilevile. Mwenzake wa biashara kutoka upande wa Kenya, ambaye hajapata kukiona kipindi chenyewe isipokuwa vipande alivyotumiwa kwenye simu, humpinga kila wanapokutana.

"Lakini dada, kama bora ni yule msichana, si angeshinda yeye?"

"Aliyesema wanashindana kwa ubora peke yake ni nani?"

"Sasa wanashindana kwa nini?"

"Ungeona walivyoanza, usingeuliza. Wewe umetumiwa mwisho tu."

"Na ile kura moja uliyompa? Huruma haikuwemo hata kidogo?"

Mama alifikiri. "Labda thumuni," alisema. "Kaka angeirudisha."

Gari la mzigo liliingia saa kumi na moja jioni. Hati ilisema marobota 12, yaliyoshushwa yakawa 11. Mama akavaa miwani, akaomba yote yarudishwe mstari mmoja, akaanza kuhesabu mwenyewe.