Goti Likiuma, Anza na Kiti cha Baiskeli

Ukitoka mjini Isiolo kuelekea Archers Post, lami ya barabara kuu ya Moyale humpunguzia mwendesha baiskeli taabu. Akiiacha na kushika njia ya changarawe, au akivuka laga, yaani mto mkavu, yenye mchanga, mwili ndio unaolipa. Wengi huvumilia goti linalouma na vidole vyenye ganzi wakidhani ndivyo kazi ilivyo. Mara nyingi nafuu inapatikana kwa fundi mwenye spana.

Tuanze na goti. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika kupita kiasi na pia yake hugandamizwa kwenye mfupa wa paja, hivyo maumivu huja mbele. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba na maumivu huja nyuma ya goti. Jipime hivi: egemea ukuta, keti, kisha weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi. Kiti kiinue au ukishushe nusu sentimita tu kwa mara moja.

Baiskeli ya Black Mamba yenye gia moja humtesa mwenye magoti mabovu anapopanda mlima. Fundi anaweza kumfungia gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Mwendo utapungua, lakini kila mzunguko utahitaji nguvu kidogo. Asiyeweza kurusha mguu juu ya mtaimbo kwa sababu ya baridi yabisi atafute fremu ya kike. Kwa anayebeba maji, mitungi ya lita 20, kila mmoja ukiwa na kilo 20 za maji, ining'inizwe chini kando ya gurudumu, pande zote mbili, ili baiskeli isiyumbe.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete hutokana na neva ya ulna kubanwa kwenye kiganja. Inua usukani ili uzito urudi kitini, zungushia vishikio mpira wa tyubu kuukuu, na ubadilishe mkao wa mikono njiani.

Kuna pia miiba ya migunga na mathenge. Kujaza tairi upepo hadi liwe gumu kama jiwe hakuzuii mwiba, na kila kokoto hupiga mikono na mgongo. Afadhali utandike tyubu kuukuu ndani ya tairi, uchague tairi pana, kisha upunguze upepo kiasi, bila rimu kugonga mawe.

Ganzi ikidumu siku kadhaa, vidole vikilegea au goti likivimba, nenda hospitali. Ganzi ya sehemu za siri nayo isionewe haya: sawazisha kiti kisiinue pua, na isipokoma umwone daktari. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwani anaweza kuchubuka asihisi maumivu.