Muuza Nyumba Anapobadili Nia

Bei imekubaliwa na mnunuzi ameanza kuhesabu siku za kuhamia. Wiki moja baadaye dalali anapiga simu: amepatikana mtu mwingine, naye yuko tayari kuongeza milioni mbili. Nchini Kenya, hapo ndipo mwenye nyumba huanza kuuliza kama bado anaweza kughairi.

Jambo la kwanza ambalo wakili wake atataka kujua ni kama ameshatia saini. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba hakiruhusu kesi juu ya mauzo ya ardhi au nyumba ikiwa mkataba haukuandikwa, haukutiwa saini na pande zote, au saini hizo hazikushuhudiwa. Kwa kawaida, basi, maneno ya mdomo na kupeana mikono havimfungi muuzaji. Kabla ya saini anaweza kujitoa, mradi arudishe alichopokea.

Baada ya saini mambo hugeuka.

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 12. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10, yaani milioni 1.2, na mauzo hukamilishwa ndani ya siku 90 hivi. Wauzaji wengi hudhani kwamba wakirudisha hiyo milioni 1.2, shauri limekwisha. Sivyo. Mnunuzi anaweza kuzikataa fedha hizo na kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba muuzaji aamriwe kukabidhi nyumba yenyewe, kwa hoja kwamba nyumba nyingine haiwezi kuchukua nafasi ya ile aliyoichagua. Lazima aonyeshe kuwa yuko tayari kulipa salio. Akishinda na muuzaji bado akagoma kusaini hati ya uhamisho, mahakama inaweza kumteua mtu wa kuisaini kwa niaba yake. Hata pale jaji anapoona fidia inatosha, muuzaji ndiye atakayeilipa.

Wakati kesi ikisubiri, zile milioni 14 za mteja wa pili hazishikiki. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 humwezesha mnunuzi wa kwanza kuomba zuio liandikwe kwenye rejesta, na zuio likiwapo uhamisho kwa mtu mwingine hukwama.

Njia halali za kutoka zipo. Mnunuzi asipolipa kwa wakati, muuzaji humpa notisi ya kukamilisha, ambayo katika masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili ni ya siku 21, kisha anaweza kuvunja mkataba. Nyumba ya ndoa nayo ina ulinzi wake: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Hata hivyo, muuzaji aliyeficha kwamba ana mke au mume anaweza kujikuta akidaiwa fidia na mnunuzi aliyemwamini.

Kwa ardhi ya kilimo, mauzo yasiyo na kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi huhesabiwa kuwa batili. Wapo waliojaribu kuitumia kanuni hiyo kama mlango wa nyuma. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliamua shauri la wanunuzi 88 waliokwisha kulipa na kukabidhiwa viwanja, ilhali kibali hakikupatikana. Majaji waliona kwamba muuzaji, kwa kupokea fedha na kuwaacha watu wakae, amekuwa mdhamini anayewashikia ardhi yao. Mahakama hiyo ilishikilia msimamo kama huo tena mwaka 2018.

Anayetaka kweli kubaki na nyumba yake azungumze na mnunuzi mapema, kabla huyo hajachukua mkopo au kutoa notisi kwa mwenye nyumba anakopanga. Wakikubaliana, mawakili huandika hati ya kuvunja mkataba inayotaja fedha za kurudishwa, fidia, nani analipa gharama, na siku ambayo zuio litaondolewa. Na kwa yule ambaye bado hajasaini lakini ana wasiwasi, kwa mfano kwamba huenda asipate pa kuhamia, sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na tarehe ya mwisho ya kulitumia.