Mkono Unaotetema na Gilasi ya Mnazi

Kuanzia Muheza hadi Pangani, anayetetema mikono asubuhi huhukumiwa upesi: mlevi huyo. Hukumu hiyo huwaonea wengi. Wapo wanaotetema kwa dawa walizoandikiwa hospitalini, na kati yao wapo walioanza kunywa wakitumaini mnazi utawatuliza mkono.

Chukua haloperidoli, dawa ya siku nyingi ya maradhi ya akili. Hutuliza kwa kuziba vipokezi vya dopamini. Ikizidi kuziba kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza miendo, kemikali nyingine, asetilikolini, hutamba bila mpinzani. Mikono hutetema, uso hukakamaa, hatua hufupika. Vidonge vya Artane huongezwa ili kuipunguza nguvu asetilikolini hiyo.

Pombe haigusi kizuizi hicho. Yenyewe huipa nguvu GABA, kemikali inayoupoza ubongo, na kuidhoofisha glutameti inayouchangamsha. Mnywaji hupungukiwa wasiwasi, na wasiwasi ndio uliokuwa ukizidisha kutetema. Basi huona amepona. (Tetemeko la kurithi, lisilotokana na dawa, ndilo ambalo kwa wengi hutulia kweli kwa pombe, tena kwa saa chache tu.)

Deni huja baadaye. Ubongo uliozoea mnazi au gongo kila siku hujirekebisha: GABA hulegea, glutameti hupanda. Pombe ikikatika, ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetema, jasho humtoka mtu, moyo humwenda mbio. Wengine huanguka kifafa. Ndiyo maana mnywaji wa kupindukia hapaswi kuacha ghafla peke yake nyumbani. Na anayemeza haloperidoli sasa ana matetemeko mawili katika mkono mmoja.

Mkoa wetu wa Tanga si mgeni wa tiba ya akili. Lutindi, milimani Korogwe, kituo kilichoanzishwa 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani kilianza kupokea wagonjwa wa akili 1904. Pamoja na historia hiyo, kinachoniuma ni ukimya. Mgonjwa huficha unywaji kwa aibu, hasa katika nyumba za swala tano, na tabibu hubaki akikisia.

Ukimsindikiza ndugu yako hospitali ya Bombo, mwambie tabibu yote: tetemeko lilianza kabla ya dawa au baada, huzidi saa ngapi, hupungua akinywa? Kwa majibu hayo tabibu anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa.