Fedha za mkopo hupita wapi?

Mara kwa mara taarifa ya habari hutueleza kwamba benki kubwa imeikopesha benki ya kanda mamilioni ya dola kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Juma hili nataka tuzifuate fedha hizo, tuone zinapita wapi.

Chukueni mfano wa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Kampala. Iliundwa mwaka 1967. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, benki hiyo ilinusurika, na mwaka 1980 ikapewa mkataba wake mpya. Miongoni mwa wanahisa na wakopeshaji wake ni Benki ya Maendeleo ya Afrika, ya Abidjan.

Benki ya namna hii haina dirisha la kupokea akiba za wananchi. Mtaji wake huutafuta kwa wanahisa na wakopeshaji wakubwa. Faida yake ni muda. Akiba ya mteja katika benki ya kawaida inaweza kutolewa kesho asubuhi, hivyo ni vigumu kuikopesha kwa miaka saba. Mkopo wa benki ya maendeleo hulipwa kwa miaka mingi, ndiyo maana unafaa kununulia mashine.

Lakini kila mlango unatoza. Abidjan inataka riba yake, Kampala inaongeza yake, na kama fedha zinapitia benki ya biashara ya mjini kwenu, nayo inaongeza. Anayelipa zote ni fundi mwenye karakana.

Tena zipo hatari mbili. Ya kwanza ni dola. Tuseme fundi amekopa dola 10,000 wakati dola moja ni shilingi 2,000. Deni lake ni shilingi milioni 20. Dola ikipanda hadi shilingi 2,500, deni linakuwa milioni 25, ingawa wateja wanamlipa bei ile ile. Ya pili ni dhamana. Benki inataka hati ya nyumba. Fundi ana vifaa, ujuzi na kibanda cha kupanga.

Kwa hiyo, mimi nasema mkopo kama huu usipimwe kwa mamilioni yaliyotiwa saini mbele ya wapiga picha. Tuulize: shilingi ikishuka, nani atabeba hasara? Dhamana gani itakubaliwa? Na kati ya waliokopeshwa, wangapi walikuwa hawajawahi kupata mkopo wa benki?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Isije harusi ikawa ya mabenki, matanga yakawa ya fundi.