Mawese na Rangi ya Ngazi

Rumonge, kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura, ni mji wa michikichi. Mawese hayakosekani jikoni wala sokoni. Mwenye nyumba ya ghorofa akiona ngazi yake ya mbao imepauka, anaweza kujiuliza: kwa nini nisiipake mawese? Yana wekundu wa kupendeza, na mbao kavu hunywa mafuta.

Kemia inakataa. Mafuta yanayofaa mbao ni yale yanayokauka, na kukauka huko si maji kutoka. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kitani, yanayotumiwa na maseremala tangu zamani, huwa ni asidi ya linoleniki. Kila molekuli yake ina viungo vitatu vinavyochokozwa na oksijeni ya hewani, kisha molekuli hushikamana zenyewe kwa zenyewe hadi mafuta yanakuwa utando mgumu. Mawese si hivyo. Karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yasiyo na kiungo cha namna hiyo hata kimoja, na sehemu kubwa iliyobaki ni asidi ya oleiki, yenye kimoja tu. Yapake leo, na baada ya mwezi vidato bado vitanata, vitashika vumbi na kumtelezesha anayeshuka na ndala. Hata ule wekundu haudumu: unatokana na karotini, miligramu 500 hadi 700 katika kila kilo, nayo huharibiwa na mwanga na hewa.

Badala ya mawese, tumia rangi ya kupenyeza. Ili idumu, lazima iingie kwenye vinyweleo vya mbao, na kinachoizuia ni vanishi ya zamani. Iondoe yote kwa msasa, ukianza na namba 80, kisha 120, ukimalizia na 150, kila mara ukifuata mkondo wa nyuzi. Usizidishe ulaini, maana mbao iliyosuguliwa mno hufunga vinyweleo na kunywa rangi kidogo. Ikiwa ngazi ina rangi ya mafuta ya miaka mingi, huenda ina risasi. Usiisugue ikiwa kavu, na watoto wakae mbali.

Kutoka rangi nyepesi kwenda nzito ni rahisi. Kurudi nyuma ni kazi nyingine: rangi ya kupenyeza haing'arishi mbao, hivyo hulazimu kuichubua kwa dawa kali kama haidrojeni peroksaidi, ukiwa na glavu na miwani. Kama ngazi ni ya mvule, kumbuka kwamba mti huo hujigeuza wenyewe, kutoka manjano kwenda kahawia, kadiri unavyopigwa na mwanga. Tena una kemikali ya asili inayochelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Kwa hiyo jaribu kwanza upande wa chini wa kidato, usubiri siku kadhaa.

Pwani ya Ziwa Tanganyika, kama hapo Rumonge, ina unyevu, na mbao yenye maji huitema vanishi. Kazi hii ifanywe kiangazi, Juni hadi Agosti. Paka kidato kimoja, ruka kimoja, ili watu wa nyumbani waendelee kupanda. Rangi ikikauka, ifunike kwa tabaka mbili au tatu za vanishi ngumu ya sakafu, kwa sababu nyayo hula rangi kuliko jua.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Joto la kukauka kwake likikosa pa kutokea, vitambaa hivyo huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe ndani ya maji kabla ya kuvitupa.